Wasichana Watano wa Croton

Cicero, yule wakili na msemaji mashuhuri wa Roma, anasimulia kisa cha mchoraji wa Kigiriki aitwaye Zeuxis, aliyeishi karne ya 5 KK. Watu wa Croton, mji ulio kusini mwa Italia ya leo, walikuwa na fedha nyingi na walitaka hekalu la mungu wao wa kike lipambwe kwa michoro isiyo na mfano. Zeuxis akawaambia atamchora Helen, mwanamke ambaye kwa ajili yake Wagiriki walipigana miaka kumi huko Troya. Wakafurahi, maana ilijulikana kwamba katika kuchora umbo la mwanamke hakuna aliyemfikia. Kisha akawauliza: wasichana wenu wazuri wako wapi?

Jibu lao la kwanza linachekesha. Walimpeleka uwanja wa mazoezi wakamwonyesha wavulana. Alipowasifia wavulana wale kwa miili yao, wakamwambia dada zao wako nyumbani, basi akadirie mwenyewe. Zeuxis hakuridhika, alitaka kuwaona hao dada. Mji ukapitisha uamuzi rasmi, wasichana wakakusanywa mahali pamoja, na mchoraji akapewa ruhusa ya kuchagua amtakaye. Akachagua watano. Sababu anaieleza Cicero bila wasiwasi wowote: maumbile hayajawahi kuukamilisha mwili mmoja katika kila kiungo, kwa hiyo mchoraji hawezi kuupata uzuri wote kwa msichana mmoja.

Halafu anasema jambo ambalo wengi hulipita haraka. Majina ya wale watano, anasema, yalihifadhiwa na washairi wengi, kwa kuwa walikuwa wamepitishwa na mtu aliyejua kuuhukumu uzuri kuliko wote. Anasema hivyo, kisha hataji hata jina moja. Mashairi hayo leo hatunayo. Picha yenyewe ilipotea. Hekalu limebaki nguzo moja inayotazama bahari. Kilichotufikia kikiwa kizima ni mbinu tu: kusanya, chagua, chukua kilicho bora kwa kila mmoja, unganisha, kisha kipe jina la mwanamke ambaye hayupo.

Tena Cicero hakuwa akizungumzia wanawake hata kidogo. Alikuwa anaeleza jinsi alivyoandika kitabu chake cha ufasaha, kwa kuchota kilicho bora kwa waandishi wengi waliomtangulia. Hao waandishi anawataja. Aristotle yumo. Isocrates yumo.

Mimi nasoma shahada ya uzamili katika falsafa, na katika fani yangu neno "uzuri" likitajwa, mara nyingi linafuatwa na maneno "wa milele" au "usiopitwa na wakati". Ukifungua kitabu chochote cha historia ya sanaa ya Ulaya, utawakuta wanawake wa Botticelli, wa Raphael, wa Titian, wamepangwa kama ushahidi wa kitu hicho cha milele. Nimewatazama kwa miaka, wengi wao kwenye skrini ya kompyuta, na siwezi kusema hawanigusi. Swali langu ni jingine. Huo uzuri usiopitwa na wakati ni wa nani? Nikifuatilia jibu narudi kila mara kwa wale watano: ili uzuri uwe wa nyakati zote, inabidi kwanza uache kuwa wa mtu fulani.

Plato alishaisema hatua hiyo wazi kuliko mchoraji yeyote. Katika *Karamu*, Socrates anasimulia mafundisho aliyoyapata kwa mwanamke aitwaye Diotima. Mtu huanza kwa kupenda mwili mmoja mzuri. Akikua kiakili anagundua kwamba uzuri wa mwili huu ni ndugu wa uzuri wa miili mingine, basi anaacha kuung'ang'ania huu mmoja. Anapanda hadi uzuri wa nafsi, wa sheria, wa elimu, mpaka anaufikia Uzuri wenyewe, usiozaliwa wala kuchakaa. Ni ngazi. Mara ya kwanza nilipoisoma nilijiona kama napanda pamoja na Socrates. Miaka miwili baadaye, niliposoma tena kwa ajili ya tasnifu, nilijikuta nikimfikiria yule wa daraja la kwanza. Alipendwa, akakanyagwa ili mwenzake apande, na mazungumzo hayamrudii tena. Hakuna anayeuliza alibaki na nini.

Kuna pingamizi hapa, na ni zito. Helen hakuwa mtu wa Croton. Ni mtu wa hadithi. Hakuna aliyedai kwamba picha ile ni sura ya binti wa fulani. Mchoraji ana haki ya kubuni, kama mwandishi wa riwaya anavyochukua mwendo wa jirani, kicheko cha shangazi na hasira ya mwalimu wake wa zamani akaumba mhusika. Raphael naye, katika barua maarufu ya mwaka 1514 inayohesabiwa kuwa yake, alimwandikia rafiki yake Castiglione kwamba ili kumchora mwanamke mmoja mzuri angehitaji kuona wengi, na kwa kuwa wazuri ni wachache anatumia wazo fulani linalomjia akilini. Kuna ubaya gani hapo?

Kama ingekoma hapo, nisingekuwa na neno. Lakini haikomi hapo. Sura iliyounganishwa kwa vipande vya watu inashuka kutoka ukutani, inarudi kwa watu wenyewe, na inakuja kama mdai. Wasichana watano wanatoka hekaluni kila mmoja akijua kwamba ana kitu kimoja kinachofaa. Vingine vyake vyote vimeonekana, vimepimwa, vimeachwa.

Deni hilo lililipwaje, tunajua kwa undani unaoumiza. Mwaka 1541 Agnolo Firenzuola aliandika mazungumzo juu ya uzuri wa wanawake, ambamo mwanamume mmoja anawafundisha wanawake wanne uwiano wa pua, midomo, shingo, masikio. Na mwishowe anamuunda mwanamke mkamilifu kwa kuchukua vipande kutoka kwa hao wanne walioketi mbele yake. Zeuxis amerudi, safari hii anaongea. Nywele sharti ziwe za dhahabu. Basi wanawake wa Venice walikaa juu ya mapaa kwenye jua kali, wamevaa kofia zisizo na sehemu ya juu, ukingo mpana tu, ili uso ufichwe na nywele zilizopakwa dawa zichomwe na jua. Kipaji sharti kiwe kipana, basi walinyonyoa nywele za mbele. Ngozi sharti iwe nyeupe, basi walijipaka unga wa risasi.

Hili la risasi sijaweza kulizoea. Nyeupe iliyotumiwa na wachoraji wa Ulaya kwa karne nyingi, ile inayong'aa kwenye mabega na mapaja ya kina Venus wote, ilitengenezwa kwa kuacha madini ya risasi yaliwe na mvuke wa siki. Nyeupe hiyohiyo ndiyo waliyojipaka wanawake usoni. Mchoraji aliiga ngozi kwa rangi ya sumu, na mwanamke akaiga mchoro kwa sumu ileile. Tofauti ni kwamba turubai halina damu. Kiswahili kimetupa neno moja kwa madini haya na kwa kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na katika habari hii sioni haja ya neno la pili. Wala wasomaji wa kwetu wasidhani ni visa vya Ulaya ya kale. Waliotumia mkorogo wenye zebaki wanaujua mlango huu, na wasichana wanaopimwa kila siku kwa umbo la namba nane wanajua maana ya kutakiwa kuwa mchoro. Simu niliyonayo mkononi ina kichujio kinachopunguza pua, kinakuza macho na kung'arisha ngozi, kwa mkupuo mmoja. Zeuxis alihitaji angalau kuwatazama wasichana wenyewe.

Si kila picha ilifanya hivyo, na ndiyo maana bado natazama.

Kuna picha ndogo ya Leonardo da Vinci katika jumba la sanaa la taifa huko Washington, iliyonunuliwa mwaka 1967 kwa bei ambayo wakati huo haikuwahi kulipwa kwa mchoro mwingine. Ni ya Ginevra de' Benci wa Florence, aliyeolewa mwaka 1474 akiwa na miaka 16 hivi, na kuchorwa katika miaka michache iliyofuata. Nyuma yake kuna kichaka cha mti ambao kwa Kiitaliano huitwa ginepro, utani juu ya jina lake. Ukiigeuza picha, nyuma ya ubao kuna tawi la mti huohuo katikati ya matawi ya lauri na mtende, na utepe wenye maneno ya Kilatini yasemayo kwamba uzuri huupamba wema. Neno walilotumia kwa uzuri ni *forma*, na maana yake ya kwanza ni umbo. Wazee wetu wa pwani hawakuwa wepesi kiasi hicho. Uzuri wa mkakasi, walisema, ndani kipande cha mti. Florence ilitaka kuamini kwamba kopo likipambwa vizuri kwa nje, ndani mna manukato. Pwani walifungua kifuniko kwanza.

Hata matawi yale mawili hayakuwa ya Ginevra. Lauri na mtende vilikuwa nembo ya Bernardo Bembo, balozi wa Venice, mtu mwenye mke wake, ambaye alitangaza kumpenda Ginevra kwa mapenzi ya kinafsi, na washairi wa mji wakayatungia mashairi mapenzi hayo. Kwa hiyo hata sifa ya wema wake imezungukwa na alama za mwanamume aliyekuwa akimsifu. Baadaye ubao ulikatwa chini, mikono yake ikapotea.

Lakini mtazame usoni. Hatabasamu. Kope zimeshuka kidogo, mdomo umefungwa, ngozi imepauka kama ya mtu aliyetoka kuugua, na macho yanapita pembeni yako kana kwamba umemkatiza katika jambo la maana zaidi. Inajulikana kwamba alikuwa mshairi mwenyewe. Katika yote aliyoandika umebaki mstari mmoja tu, na ndani yake anajifananisha na mnyama mkali wa milimani. Balozi alisifu wema, msanii akaandika wema nyuma ya ubao, na mwenye sura alikuwa akijiita jina tofauti kabisa. Nadhani Leonardo, kijana wa miaka ishirini na kitu wakati ule, aliliona hilo. Haiba ya picha ile, kwangu, inatokana na kukataa kwake kupendeza.

Botticelli alikwenda upande mwingine. Venus wake, aliyechorwa mnamo mwaka 1485, ana shingo ndefu kuliko ya binadamu na bega la kushoto linaloteremka mahali ambapo mfupa usingeruhusu. Watu hutaka sana awe Simonetta Vespucci, mrembo wa Florence aliyefariki mwaka 1476 akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Ushahidi hakuna. Nikiri kwamba picha ile naipenda kupita kiasi, hasa upepo. Lakini naona ajabu tunavyotamani kumrudishia Venus jina la mtu aliyekufa, kana kwamba tunajua kuna kitu kilichukuliwa mahali fulani na hakijarudishwa.

Wako pia ambao mbinu ya Zeuxis haikuwahitaji kamwe. Msichana mweusi katika michoro hiyo kwa kawaida husimama pembeni, akishika maua au kioo, ili weupe wa mwenzake uonekane zaidi. Ndiyo sababu picha iliyoonyeshwa Paris mwaka 1800 inanishika. Mchoraji wake ni mwanamke, Marie-Guillemine Benoist, aliyesoma kwa Jacques-Louis David. Ametumia kila chombo alichofundishwa kwa ajili ya kina Venus: mwanga laini, mkunjo wa kitambaa, mstari wa shingo usio na kosa. Aliyeketi kwenye kiti cha heshima ni mwanamke mweusi aliyefungwa kilemba cheupe, titi moja likiwa wazi, anatutazama moja kwa moja. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1794, na mwaka 1802 Napoleon aliurudisha. Picha ilichorwa katika mwanya huo mfupi.

Ilionyeshwa bila jina lake, kwa neno la Kifaransa la kumtaja mwanamke mweusi ambalo leo ni tusi. Ikakaa hivyo kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Orsay liliitundika kwa jina la *Picha ya Madeleine*, baada ya utafiti kumtambua: alitokea Guadeloupe, akaletwa Ufaransa kuwa mtumishi na shemeji yake mchoraji.

Je, jina linatosha? Nimebishana juu ya hili na mwenzangu mmoja darasani, ambaye anaona kumwita Madeleine ni kujifariji tu. Titi lile bado liko wazi, ananiambia, na hakuna aliyemuuliza. Ana hoja. Benoist huyohuyo, mwaka 1808, alimchora Pauline, dada wa Napoleon, akiwa amevaa kikamilifu. Wengine watasema Pauline naye alichongwa na Canova nusu uchi, kama Venus, katika miaka hiyohiyo. Kweli, lakini ni kwa kutaka mwenyewe, na hakuna siku jiwe lile lilipoitwa "mwanamke mweupe". Aliweza kuwa Venus alasiri na kurudi kuwa Pauline jioni. Madeleine hakuwa na pa kurudi. Hata hivyo simwungi mkono mwenzangu moja kwa moja. Tangu nilipolijua jina, siwezi tena kuitazama picha ile kama umbo tu. Najiuliza kama alikuwa na baridi. Swali hilo kwa Venus wa Botticelli, aliyesimama uchi juu ya bahari yenye upepo, halikuwahi kunijia.

Labda hicho ndicho ninachokitafuta kwenye picha: kama inaniruhusu kuuliza iwapo ana baridi. Kipimo hiki hakimo katika kitabu chochote cha nadharia ya uzuri nilichosoma, na msimamizi wangu hakifurahii. Kant anataka nitazame bila kuwa na haja na kitu chenyewe. Namwelewa; anataka kunizuia nisitake kukimiliki. Lakini kuna kujali kusiko kumiliki, na Kant kwenye jambo hili hanisaidii sana.

Rembrandt ananisaidia. Mwaka 1654 alimchora Bathsheba, mke wa Uria, yule ambaye mfalme Daudi alimwona akioga akiwa juu ya paa la jumba lake, akatuma watu wamlete. Wachoraji wengi walikuwa wameichora habari ile, na karibu wote walichora kile Daudi alichokiona, yaani walitupandisha sisi juu ya paa. Rembrandt naye amechora mwili mtupu, mkubwa karibu kama wa mtu halisi, wenye tumbo zito na mapaja ya mtu aliyeishi. Ila mkononi amempa barua. Ameshaisoma. Kikongwe ameinama anamsafisha mguu, kumwandaa aende, naye haangalii mguu wala barua wala sisi. Eksrei zimeonyesha kwamba hapo awali kichwa kilikuwa kimeinuliwa zaidi. Rembrandt alikifuta akakishusha.

Hajachorwa kutoka kwa watano. Wengi wanaamini ni Hendrickje Stoffels, aliyekuwa akiishi na Rembrandt nyumbani mwake bila ndoa. Mwaka huohuo wa 1654 baraza la kanisa la Amsterdam lilimwita Hendrickje aeleze kuhusu kuishi kwake na mchoraji kama kahaba, kwa maneno yao. Alikwenda, akakiri, akakemewa, akazuiwa Meza ya Bwana. Alikuwa mjamzito, na Oktoba mtoto wao wa kike akabatizwa Cornelia. Katika sura ile ya kitabu cha pili cha Samweli, Bathsheba anapewa nafasi ya kusema mara moja tu, na anachotuma kusema kwa mfalme ni kwamba ana mimba.

Picha iko Louvre, upana na urefu wake karibu sawa, kama mita moja na nusu kila upande. Barua ina kona iliyokunjika na doa jekundu. Maandishi yake hayasomeki.